Mbao ya Gitaa la Méthode

Benchi letu liko Ingleburn, Australia, karibu na stesheni, mbele ya duka la mashine za kufulia. Halmashauri ililiweka kwa ajili ya watu wanaosubiri nguo zao zikauke, lakini Jumamosi asubuhi ni letu, na anayetaka kukaa hutuomba nafasi. Mimi ni Apondi, ila pale wananiita Mama Thamosi kwa kuwa kahawa naleta mimi, nyeusi yenye tangawizi, na wanaolalamika kwamba haina maziwa wanajua mkahawa uko wapi. Rufus, Mkenya mwenzangu anayefanya kazi ofisi ya bima, tunamwita Profesa kwa sababu ya video anazotazama. Fiacre ni Mrundi, zamani mpiga ngoma wa kwaya katika kambi moja huko Kigoma. Huyo ni Bateri, jina la Kifaransa la seti ya ngoma. Wa tatu ni Vénérand, aliyeishi kambi hiyohiyo. Anapigilia pallet, zile chaga za mbao za kubebea mizigo, kiwandani ng'ambo ya reli, na starehe yake ni kuunda magitaa ya umeme katika gereji yake. Tunamwita Fundi. Jumamosi moja ya mwaka 2016 alikuja amekumbatia kitu ndani ya taulo la kuogea, akakitua magotini pangu bila hata kunisalimia.

Kilikuwa gitaa, au niseme mbao yenye umbo la gitaa. Shingo ilishakazwa kwa skrubu. Chini ya shingo, upande mmoja, kulikuwa na pengo lililochongwa kuingia ndani, ili vidole vya mpigaji vifike mpaka mwisho. Nyuzi hakuna, chuma hakuna, tundu hakuna.

Fundi: Alhamisi Méthode anatua. Nataka nimpe hii palepale airport, kabla hata hajapewa koti la baridi.

Méthode sijawahi kumwona, lakini nimeshamsikia kwenye benchi hili kuliko ninavyosikia habari za ndugu zangu. Ndiye aliyekuwa mpiga gitaa wa kwaya yao. Fundi aliimba besi, Bateri akapiga ngoma, kisha wao wakapata safari ya kuja huku na Méthode akabaki, karatasi zake zikirudishwa kila mara.

Fundi: Mimi nilipofika hapa nilipokelewa na mtu ameinua kikaratasi. Jina langu limeandikwa vibaya. Nikajiambia, basi, huku hakuna anayenijua. Méthode asifike hivyo. Afike akute kitu kimetengenezwa kwa ajili yake, ajue kuna watu wanamjua. Leo mchana natoboa matundu ya nyuzi na vifundo. Nikishatoboa nimetoboa, kwa hiyo mwenye la kusema aseme sasa.

Kumwambia Profesa aseme ni sawa na kumwambia mtoto achezee maji.

Profesa: Hii kitu ni nzito, buda. Jamaa atapinda mgongo.

Fundi: Ni mninga.

Profesa: Mninga gani na umeitoa kwa pallet?

Fundi: Pallet ilikuja na mashine kutoka ng'ambo. Mbao zote paini, hii moja nyekundu. Niliporanda, harufu ikanijia. Kule Kasulu nimeranda mninga mpaka nikawa naota. Huwezi kunidanganya.

Nikainusa. Ilinuka vanishi tu.

Profesa: Watu wa huku wanatumia blackwood, mti wa hukuhuku. Nimewatch video nyingi, maze. Tone inatoka kwa mbao. Ukitumia mbao ya pallet, utapata sauti ya pallet.

Bateri: Alors, sauti ya pallet iko namna gani?

Profesa: Flat. Imebeba mizigo maisha yake yote.

Bateri: Mbao haina kazi pale. Gitaa ya umeme iko na sumaku chini ya nyuzi. Sumaku inasikia chuma tu. Chuma inatetemeka, sumaku inasikia, amplifaya inapiga kelele. Mbao ni ya kushikia. Hata mlango wa kabati unatosha.

Fundi: La kwanza nilitumia mlango wa kabati.

Bateri: Likawaje?

Fundi: Kelly anawekea viatu juu yake.

Kelly ni binti yake. Tulicheka, naye akacheka kidogo, kisha akatoa mfukoni kopo la bati. Ndani mlikuwa na vikazio vya nyuzi vya aina mbili. Vile sita vya rangi ya dhahabu aliviagiza mtandaoni. Vingine sita vyeusi, vizito, alivitoa kwenye gitaa bovu alilolipata duka la mitumba.

Profesa: Dhahabu. Mtu anashuka ndege, unampa vitu vyeusi kama vya trekta?

Bateri: Ile ya zamani. Imeshazoea kukazwa. Mpya inalegea kama kibarua wa casual, siku ya kazi huioni.

Profesa: Hapana, skia. Chuma nyepesi inafanya sauti ipande juu. Ukiweka nzito kwa kichwa cha gita, sauti inarudi nyuma, inabaki huku shingoni. Ndiyo maana gita zingine zinasound kama mtu ana mafua.

Fundi: Mimi nataka isilegee katikati ya wimbo, basi. Kule kambini gitaa lilikuwa moja, na kikazio kimoja kilikatika kichwa. Méthode alikuwa anatembea na koleo mfukoni. Wimbo ukifika ubeti wa pili anachomoa koleo, anakaza, anarudisha, na hakosi mdundo. Sitaki tena abebe koleo.

Hapo wote tulikubaliana na vile vyeusi, hata Profesa, ingawa alisema tutajuta. Nikawaongezea kahawa nikidhani tumemaliza. Lakini Bateri alikuwa ameanza kufikiri, na Bateri akifikiri hukunja uso kama anayepimwa presha.

Bateri: Mimi naogopa ile sumaku.

Fundi: Sumaku ina nini?

Bateri: Imetengenezwa wapi?

Fundi: Sijui. Japani. Korea.

Bateri: Voilà. Kule ni juu ya dunia. Huku tuko chini. Jua lenyewe huku linapita upande mwingine. Sumaku ya juu ukiileta chini, inavuta vibaya. Lazima uipindue.

Profesa: Hapo kuna point.

Mimi: Rufus! Na wewe una digrii!

Profesa: Mama Thamosi, si utani. Maji kwa sinki yanazunguka kinyume, niliona video. Kama maji inajua iko Australia, kwa nini sumaku isijue?

Bateri: Ndiyo sababu kwaya yetu huku inaimba chini kidogo. Si watu. Ni mahali.

Fundi: Kwaya yenu inaimba chini kwa sababu hamfanyi mazoezi.

Wakaendelea hivyo. Profesa akapendekeza gitaa lijaribiwe likielekezwa kaskazini, kanisa nalo lipange viti upya. Bateri akasema mbao iliyovuka ikweta nayo lazima igeuzwe, maana ilipandwa ikiangalia mbingu nyingine. Fundi alikuwa anamsikiliza kila mmoja kwa makini, jambo lililonitia wasiwasi, kwa maana mtu mwenye drili nyumbani hapaswi kusikiliza mambo kama hayo.

Mlango wa duka ukafunguka, akatoka mwanamke amevaa sare za uuguzi, kikapu kitupu mkononi, macho mekundu kwa kukesha.

Yeye: Habari zenu. Nimewaskia mkiongea Kiswahili nikasema hapa ni nyumbani. Naweza kaa? Nguo bado zinazunguka.

Alijitambulisha kuwa ni Nkatha, kutoka Meru, anafanya kazi hospitali kule Campbelltown na ndio kwanza anatoka shift. Nikampa kahawa. Hakuuliza maziwa, nikampenda. Profesa akamweleza kila kitu, mninga, vikazio, sumaku, kaskazini, kana kwamba gereji ni yake. Nkatha alisikiliza mpaka mwisho, akalichukua gitaa, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye lile pengo chini ya shingo.

Nkatha: Ni poa sana. Na huyo Méthode anapiga na mkono gani?

Profesa: Ule wa kawaida.

Nkatha: Ndugu yangu ni wa left. Walimnunulia gita ikamshinda, hii pengo ilikuwa upande wa juu, vifundo vya sauti vinamgonga mkono. Ndiyo nauliza. Kulia ama kushoto?

Profesa akamtazama Bateri. Bateri akamtazama Fundi.

Bateri: Kulia.

Akasimama aoneshe. Akajifanya ameshika gitaa, akafumba macho, akaimba kidogo, akasita. Akageuza mikono, akajaribu upande wa pili. Akarudia wa kwanza.

Bateri: Ngoja. Mimi nilikuwa nyuma yake. Yeye alikuwa anaangalia watu. Sisi tulikuwa tunaona mgongo.

Nkatha: Mgongo tu?

Bateri: Mgongo na viwiko. Viwiko vyote viwili vilikuwa vinacheza!

Profesa: Hamna picha?

Fundi: Picha za kwaya tulisimama wima, mikono chini, gitaa limelazwa mbele ya miguu. Mpiga picha alitaka hivyo.

Nkatha: Na ile koleo? Alikuwa anaweka mfuko wa upande gani?

Fundi: Mfuko wa nyuma.

Nkatha: Wa kulia ama wa kushoto?

Fundi alichukua gitaa lake, akaliweka wima kati ya miguu, akaliangalia. Treni ya kwenda mjini ikaingia, ikatoka, na bado alikuwa analiangalia. Nilimwonea huruma sana.

Fundi: Nakumbuka shati lake la kanisani, kola imegeuzwa kwa sababu upande mmoja ulichakaa. Nakumbuka akikosea noti alikuwa anacheka mabega yakitetemeka. Nimekula naye sahani moja. Mkono wake siukumbuki.

Profesa: Si umpigie tu? Dakika moja.

Fundi: Nimpigie nimwambie nini? Méthode, mimi niliyeimba nyuma yako miaka yote ile, naomba kujua mkono wako? Nilisema nataka akute watu wanaomjua. Sasa nami nitasimama pale airport kama yule wa kikaratasi. Jina lake tu ndilo nalijua.

Bateri akakaa. Nkatha akasema pole, akasema hakutaka kuharibu. Nikamwambia hajaharibu kitu, na nilimaanisha, maana drili ilikuwa inangoja saa chache tu.

Mimi: Vénérand, usitoboe.

Fundi: Alhamisi ndiyo hii inakuja.

Mimi: Sikiliza. Kule ninakotunza wazee, mgeni akiletwa hajui Kiingereza au hasemi kabisa, hatumlazimishi atuambie anakula kwa mkono gani. Tunaweka kijiko katikati ya sahani, tunakaa, tunaangalia. Mpe Méthode hii mbao hivihivi, haina nyuzi. Atakavyoipakata, ndivyo utakavyotoboa.

Profesa: Na akiwa wa kushoto? Pengo ushakata.

Fundi alifikiri. Akapima kwa kiganja upande wa pili wa shingo, pale ambapo mbao ilikuwa bado nzima.

Fundi: Nitakata na huku. Itapungua uzito, Rufus, utafurahi.

Profesa: Lakini itapoteza tone.

Fundi alianza kulifunga gitaa ndani ya taulo, polepole, akikunja pembe moja baada ya nyingine, kisha akalikumbatia kwa mikono yote miwili. Tulidhani anaondoka. Badala yake alitugeukia mmoja mmoja.

Fundi: Na mimi je? Nimekunywa kahawa hapa tangu benchi hili lina rangi mpya. Nashika kikombe kwa mkono gani?

Bateri akatazama viganja vyake mwenyewe, kana kwamba jibu limeandikwa humo. Nkatha alikuwa na haki ya kutojua. Sisi hatukuwa nayo. Na mimi ndiye niliyekuwa nikimpa kile kikombe, kila Jumamosi, tena kwa majivuno, na nilipojaribu kuuona mkono ukikipokea, niliona kikombe tu.

Nikatikisa thamosi. Iliyobaki ilikuwa ya mtu mmoja. Nikaimimina yote katika kikombe cha Fundi, nikakiweka katikati ya benchi. Akalilaza gitaa chini taratibu, akakaa, na sisi wanne tukaiangalia mikono yake.