Wilfred Outhwaite, Aliyemkana Mama Yake Kwenye Meza ya Chai

Marehemu Wilfred Outhwaite alizaliwa tarehe 3 Machi 1938 hapa Marvaulx, Yorkshire, mtoto pekee wa mchungaji wa kondoo Amos Outhwaite na mkewe Hester. Jina la kijiji chetu lililetwa na watawa wa Kifaransa waliojenga abasia ambayo leo ni magofu, na maana yake ni Bonde la Maria. Sisi wenyeji hulitamka Marvis. Wasomi na wageni hulitamka Marvo.

Alianza masomo katika shule ya kijiji. Mwaka 1949 alifaulu kwenda shule ya sekondari mjini, na 1956 akaingia chuo kikuu kusoma Kifaransa. Mama yake alifua nguo za watu ili asikose viatu. Wilfred mwenyewe aliagiza kwamba yanayofuata yasomwe leo, tena yasipunguzwe.

Kila Jumapili ya kwanza ya Agosti, wanawake wa Marvaulx huwaandalia chai mahujaji wanaokuja kusali kwenye magofu. Mwaka 1958 Wilfred alifika na wenzake wa chuo. Mama yake, akiwa na aproni, aliita kama alivyoita kila mwaka: "Karibuni Marvis, wapenzi! Njooni, chai isije ikapoa!"

Kijana mmoja akacheka. "Marvis! Jamani, mmesikia hiyo?"

"Msimjali," Wilfred akasema. "Watu wa hapa hawajui. Ni Marvo."

"Kwani unamfahamu?"

"Hapana. Ni mpika chai tu."

Hester alikuwa amesimama karibu, birika mkononi. Alimmiminia mwanawe kikombe, akamuuliza kwa upole, "Sukari, bwana?"

Tangu siku ile Hester hakulitaja tena jina la kijiji chake mbele ya mtu. Alisema "huku kwetu" tu.

Wilfred alifundisha Kifaransa tangu 1960 hadi alipostaafu mwaka 1998. Aliwaeleza wanafunzi wake kwamba Kifaransa cha watawa wale hakikuwa cha Paris ya leo, na kwamba anayesema Marvo hana haki ya kumcheka anayesema Marvis. Wanafunzi wake wanakumbuka kwamba darasa likimcheka mtoto wa mkulima kwa lafudhi yake, mwalimu aliacha kufundisha, akaenda dirishani, akawapa mgongo mpaka kukawa kimya. Walidhani amekasirika. Alikuwa anaona aibu.

Tarehe 11 Aprili 1964 alimwoa Enid Raine katika kanisa hili, wakajaliwa watoto wawili.

Novemba 1971 mama yake alikuwa mahututi, naye akaketi kando ya kitanda chake.

"Una neno, Wilf?" Hester akamuuliza.

"Hapana, mama. Nilitaka kujua kama unasikia baridi."

"Sisikii."

Hester alifariki siku ya pili, bila kuombwa radhi.

Mwaka jana moyo wa Wilfred ulianza kudhoofika. Alimwagiza mkewe asimzike kando ya mama yake, ingawa nafasi ilikuwa imewekwa. "Sikumwomba msamaha," alisema. "Nitalalaje pale kama mwana mwema? Nizikeni kule kando ya ukuta wa makaburi, wanakozikwa wageni."

"Wilf, acha ujinga," Enid akamjibu. "Utalala kwa mama yako. Ukimkimbia tena, hilo litakuwa kosa la pili."

Marehemu hakukubali. Alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 9 mwezi huu. Binti yake, anayesoma haya, aliona wosia wa mtu lazima utimizwe, akabishana na mama yake. Mama ameshinda, na ni haki ashinde. Mtu hachaguliwi kaburi na aibu yake. Kaburi limechimbwa kando ya Hester Outhwaite wa Marvis.

Ameacha mjane, Enid. Watoto, Judith na Martin. Na wajukuu watatu.

Mungu amsamehe, na mama yake amsamehe. Ndipo apumzike.