Mia na Thelathini

HIRSI: Haloo! Haloo? Sema haraka, nani?

QALI: Waryaa, ndivyo mnavyopokea simu huko Garissa? Assalaam aleikum.

HIRSI: Wa aleikum— Qali! Binamu, nimekutafuta tangu alfajiri!

QALI: Leo Ijumaa, ofisi yetu imefungwa. Niko kibanda cha simu, Eastleigh, foleni mgongoni, kadi ina yuniti tisa. Toa shida.

HIRSI: Kompyuta ya kliniki ya Wajir haipatikani. Orodha ya dawa anayo Keynan wetu, anayetibu kulekule. Ndege ya misaada inapakia hapo Nairobi saa tisa, na sasa— [mkwaruzo] —saa nane! Bila orodha hawapakii hata kidonge.

QALI: Piga simu Wajir.

HIRSI: Mafuriko yamekata laini. Barabara pia. Modogashe ni ziwa.

QALI: Na habaryar, mama yangu mdogo?

HIRSI: Mama alishikwa na homa kulekule Wajir Jumatano. Tangu hapo sijui.

QALI: ...Haya. Iulize ruta, hilo sanduku la mtandao, njia ya Wajir inapita wapi?

HIRSI: Mnara wa Modogashe.

QALI: Huo ulio ndani ya ziwa?

HIRSI: Ulianguka Jumatano—

QALI: Na lile dishi jipya la setilaiti, mnaanikia nguo?

HIRSI: Dishi ni zima! Ruta ndiyo hailitaki!

QALI: Mwanzoni mwa mstari wa njia hiyo, ruta imeweka herufi gani?

HIRSI: S.

QALI: [anacheka] Hiyo ni njia iliyoandikwa kwa mkono. Mkono wa nani?

HIRSI: Ofisi hii wanaingia watu wengi.

QALI: Hirsi.

HIRSI: Dishi lilikuwa linachelewa! Nikaiambia ipite Modogashe, basi.

QALI: Na inakutii, maskini. Sikia. Ruta haianzi kwa kupima urefu wa njia. Inauliza kwanza: nani kaniambia? Kila msemaji ana namba yake, na ndogo ndiyo inayoaminiwa. Mkono wa mtu ni moja. Ruta jirani, ile inayosema pita kwenye dishi, ni mia na ishirini.

HIRSI: Kwa hiyo mimi naaminiwa kuliko—

QALI: Kuliko anayeona! Wewe umekaa Iftin, hapo Garissa, na chai yako, unaapa njia ya Modogashe ni kavu, na mwenye ngamia aliyetoka huko jana anaambiwa anyamaze.

HIRSI: Lakini mnara umekufa!

QALI: Redio ya hapo kwako, inayoongea na mnara, bado inawaka. Ruta inaona mlango wazi, haijui nje kuna shimo. [sauti ya mbali: "Dada, maliza!"] Subiri wewe! Yuniti nne.

HIRSI: Niifute njia yangu?

QALI: Usifute, mnara utasimama tena. Andika ileile, mwishoni ongeza mia na thelathini. Izidi ya jirani, uwe wa mwisho kusikilizwa.

HIRSI: Kama nyumbani kwangu.

QALI: Andika!

HIRSI: [vitufe] Nimekosea. Ngoja. Haya, imekubali.

QALI: Ipe nusu dakika imsikie jirani. Sasa ijaribu Wajir.

HIRSI: Nukta. Nukta. Wallahi, Qali, ni nukta tu, hakuna jibu—

QALI: Tena!

HIRSI: Nukta... alama ya mshangao! Mbili! Nne! Wajir inajibu!

QALI: Orodha, Hirsi, orodha!

HIRSI: Inashuka. Ya leo, saa nne asubuhi. Wagonjwa kumi na wanne. Wa tatu... ni Mama.

QALI: Itume.

HIRSI: Natuma— imekwenda! Watu wa ndege wamejibu, wameipata. Ngoja, chini Keynan kaongeza mstari.

QALI: Soma, nina yuniti moja!

HIRSI: "Hirsi, mama yako..."

QALI: Mama yako nini? Hirsi!

HIRSI: "...mama yako anauliza kama umekula."

QALI: Umekula?

HIRSI: Tangu jana, hapana.

QALI: Basi nenda kale, mjinga we, nisije nikaambiwa mimi ndiye—

[mlio mrefu]

HIRSI: Haloo? Qali?... Naenda. Naenda.