Marlys Brekke Ateremka Kutoka Mnara wa Kamera

Ijumaa tarehe 30 Mei, Marlys Brekke anastaafu baada ya kukitumikia Chuo cha Lindgren Falls kwa miaka thelathini na minne, yote akiwa mpiga video wa timu ya futiboli ya Kimarekani. Katika muda huo amekosa mechi moja tu, ile ya wiki aliyojifungua binti yake Kari. Hata siku hiyo alipiga simu mara mbili kutoka wodini kuuliza kama kuna mtu aliyekumbuka kufuta lenzi.

Kazi yake aliifanyia juu ya mnara wa futi arobaini, kwenye upepo wa Novemba ambao huku kwetu haubishi hodi. Alipanda na chupa ya kahawa na daftari, akashuka kahawa ikiwa imekwisha na daftari limejaa. Wachezaji walimwita Bi Marlys na kumwogopa kuliko walivyoniogopa mimi, kwani kamera yake ilimnasa mvivu hata akijificha mwisho wa uwanja. Jumatatu aliwaletea keki za malenge, na wavivu pia walikula.

Mimi, kocha mkuu, niliomba kuandika makala haya mwenyewe kwa sababu ya msimu mmoja, miaka kumi na miwili iliyopita. Tulikuwa tumecheza mechi nne na kufungwa zote. Alama tulizopata zilikuwa ishirini na sita, mechi zote nne zikijumlishwa. Mkurugenzi wa michezo aliniita akanieleza kwa upole, ule upole wa Minnesota unaotisha kuliko kelele, kwamba chuo kimeanza kutafakari. Mke wangu naye akaanza kuulizia nyumba miji mingine.

Asubuhi ya Jumatatu Marlys alisimama mlangoni pangu.

"Kocha, una dakika tano?"

"Ninazo tatu."

"Zinatosha. Kila tukianza jaribio la kwanza la kusogeza mpira, unawaagiza wakimbie na mpira upande wa kulia."

"Si kila mara, bwana."

"Mara arobaini na moja kati ya arobaini na nne. Nimehesabu."

Nilimjibu neno ambalo sijivunii hadi leo: "Marlys, wewe piga picha. Mbinu niachie mimi."

"Haya, Kocha," alisema, akafunga daftari. Hakununa. Aliniachia sahani ya keki mezani, na hilo ndilo lililoniuma.

Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Kukimbia kulia ndiko kulikonipatia kazi nilipokuwa kijana, na mtu anayezama hachagui jani la kushika.

Jumamosi ikafika, tukawakaribisha wapinzani wetu, timu ya Harmon. Katika jaribio letu la kwanza, kabla hata mpira haujaguswa, mlinzi wao wa kati, jitu moja lenye ndevu nyekundu, alinyoosha mkono akapaza sauti: "Kulia! Wanakuja kulia tena! Jamani, hawa watu hawachoki?" Wenzake wakaangua kicheko. Wachezaji wangu wawili nao wakacheka. Tukarudishwa nyuma yadi tatu, na hadi mapumziko tulikuwa nyuma kumi na saba kwa bila.

Vijana walielekea chumbani. Mimi nilielekea mnarani, na wanaonijua wanajua ninavyoogopa vilima, sembuse ngazi. Nilifika juu nikitweta.

"Marlys, nifanyeje?"

"Mimi mpiga picha tu, Kocha," alisema bila kuondoa macho kwenye kamera.

"Nilikosea. Nisamehe."

Hapo akageuka, akafungua daftari. "Wanakimbilia kulia wote, hata kabla hujaanza. Mwambie Dontrell ajifanye anamkabidhi mkimbiaji mpira, halafu aurushe kushoto. Kule hakuna mtu. Ningeweza kwenda kuanika nguo."

"Halafu?"

"Halafu usirudie. Wakianza kutazama kushoto, kimbia kulia. Wakijazana mbele, rusha mbali. Mtu asiyejua pa kutazama hawezi kukukamata."

Kipindi cha pili Dontrell Pruitt, mrushaji wetu, alijifanya anamkabidhi mkimbiaji, akarusha kushoto, na mpira ukasonga yadi arobaini na sita. Ndevu Nyekundu alisimama katikati ya uwanja akijizungusha kama aliyesahau alikoegesha gari. Tulikimbia, tukarusha mfupi, tukarusha mrefu, tukakimbia tena. Naye akaacha kupaza sauti.

Ningependa kuandika kwamba tulishinda. Tulifungwa kwa alama moja, ishirini na nne kwa ishirini na tatu. Lakini vijana walitoka uwanjani wakipigana mabega na kucheka, na Dontrell akaelekea mnarani akapaza sauti: "Bi Marlys! Tuliwachanganya, uliona?"

"Niliona! Na wewe uliona ulivyoangusha mpira mara mbili?"

Katika mechi tano zilizobaki tulishinda nne. Mkurugenzi akaacha kutafakari, na mke wangu akaacha kuulizia nyumba. Tangu wiki hiyo Marlys amekuwa na kiti chake katika kikao chetu cha Jumatatu, na miaka miwili baadaye tulitwaa ubingwa wa ligi yetu. Kombe liko ofisini kwangu. Lingestahili kukaa mnarani.

Mwezi uliopita ndipo nilipopata habari nyingine. Mumewe, Verlyn, amehudhuria mechi zetu zote za nyumbani, safu ya kumi na mbili, peke yake na blanketi la watu wawili. Katika miaka yote hiyo hawajawahi kutazama mechi wakiwa pamoja. Kwa hiyo tumewatengea viti viwili vya katikati, kuanzia Jumamosi ya kwanza ya Septemba.

Marlys alipoambiwa alipenga kamasi, kisha akasema: "Sawa. Ila mimi sijui kutazama mechi nikiwa nimekaa. Itabidi Verlyn anifundishe."

Asante, Marlys, kwa macho yako na kwa uvumilivu wako. Tunakuombea wewe na Verlyn afya njema, Jumamosi nyingi za jua, na blanketi hilo lisiwe na nafasi tupu tena.

Gordy Stensrud
Kocha Mkuu