Sitini na Sita, Utuombee: Maisha ya Elikutty Ulahannan wa Plathottam

Ndugu, majirani na waumini wenzetu, kabla hatujambeba Ammachi kwenda makaburini, familia imeomba msomewe maisha yake. Ilikuwa zamu ya mwanawe Joykutty kusoma, lakini sauti yake haitafika mwisho wa ukurasa. Kwa hiyo nasoma mimi, Lissy, mkwe wake.

Marehemu Eliswa, ambaye wengi wenu mlimwita Elikutty na sisi wa nyumbani tukamwita Ammachi, yaani Mama, alizaliwa Poonjar tarehe 14 Septemba 1944, mtoto wa tatu wa Bwana Varkey na Bibi Mariam. Alikuwa wa mwisho kubaki kati ya ndugu zake.

Alisoma kwa masista hadi darasa la nne, kisha akatolewa shule ili alee wadogo zake. Kusoma hakukumtoka. Kila asubuhi alichukua gazeti kabla ya mtu yeyote na kuanza na ukurasa wa picha za waliofariki. Ukimuuliza anatafuta nini, alijibu, “Naangalia kama mimi nimo. Simo. Haya, leteni chai.”

Alifunga ndoa na marehemu Ulahannan Plathottam Jumatatu, tarehe 28 Januari 1963, katika kanisa hili hili. Sari aliyovikwa na mumewe siku ile ndiyo iliyomfunika leo. Walijaliwa watoto watatu. Katika picha ya harusi amefunga mdomo, na wageni hudhani alikuwa na huzuni. Sivyo. Jino lake la mbele lilivunjika akiwa msichana, mchi ulipomrukia wakati wa kutwanga mchele, na tangu hapo hakucheka mbele za watu bila kuvuta ncha ya shuka alilojitanda begani na kujifunika. Mkono ulizoea. Hata jikoni, tukiwa wawili tu, ulipanda wenyewe.

Kazi yake ilikuwa mpira, ule wa utomvu wa miti. Mumewe aligema, naye akachuja utomvu, akaumimina kwenye sinia, akautia dawa, na ulipoganda akaupitisha kwenye mashine na kuuanika. Aliifanya kazi hiyo hadi mgongo ulipokataa. Mjukuu wake Dilna, binti yangu, alikulia kati ya sinia hizo akibonyeza vidole kwenye mpira mbichi ili aone alama zake, na alichapwa kwa sababu hiyo zaidi ya mara moja.

Kufikia mwaka 2001 Ammachi hakuwa na jino hata moja. Tulimsihi atengenezewe meno ya bandia akakataa, akisema mihogo yetu huiva na samaki hana miiba ya kumshinda. Mwaka 2009 mumewe alifariki. Wakati wa kuaga, Ammachi alimtazama usoni muda mrefu. Tuliporudi nyumbani aliniambia, “Ulahannan alikuwa mwanamume mzuri. Wamemzika bila meno, mdomo kama mfuko uliovutwa kamba. Mimi msinifanye hivyo.” Niliahidi, ingawa sikujua nitatimiza vipi.

Dilna alimaliza shahada ya kwanza ya udaktari wa meno, akafanya kazi katika zahanati ya mtu, akarudia mtihani wa kuingia masomo ya juu hadi alipopata nafasi mwaka 2021. Alichukua shahada ya uzamili ya upasuaji wa meno, katika tawi la meno ya bandia. Siku alipokuja likizo akachanganya unga wake wa kuchukulia alama za ufizi, Ammachi aliinama kuangalia bakuli akasema, “Kumbe umesoma miaka yote hiyo uje kuwa mgandishaji kama mimi.” Kisha akakaa kitini na kufungua mdomo. Hakuna aliyekuwa amemwomba.

Nieleze kidogo, kwa kuwa wengi wenu mliuliza mbona mzee wa umri huo alikuwa akipandishwa basi kwenda mjini mara kwa mara. Katika tawi lile mwanafunzi huingia mtihani wa mwisho na mgonjwa wake mwenyewe asiye na meno. Hutengeneza meno hatua kwa hatua mbele ya walimu, na siku ya mwisho huyavisha. Mgonjwa asipofika siku moja, mwanafunzi hana mtihani, na hurudia baada ya miezi sita. Ndiyo sababu kila mwanafunzi huwa na mgonjwa mmoja na mwingine wa akiba. Mgonjwa wa Dilna alikuwa Ammachi. Wa akiba alikuwa Paily, kondakta mstaafu.

Mwezi wa Mei mwaka huu niliona marinda ya nyuma ya shuka la kiunoni la Ammachi, yale yanayotanda kama pepeo, yamekuwa manene. Shuka ni lile lile, kwa hiyo kiuno ndicho kilichopungua. Niliona pia paka amenenepa kwa samaki wa Ammachi. Nilipomuuliza alisema, “Lissy, wewe mbuzi akikohoa unaita padre. Ngoja mtoto amalize mtihani wake.” Sikungoja. Nilimpigia Dilna simu, akaja jioni ile ile, na asubuhi tukampeleka hospitali. Ilikuwa saratani ya kongosho nayo ilikwisha kufika kwenye ini. Daktari alituambia hakuna cha kukata, ila dawa za kutuliza maumivu. Tulimweleza Ammachi yote. Alisikiliza, akauliza mtihani ni lini.

Dilna alilia, akasema atamchukua Paily. Hapo ndipo Ammachi alipokasirika.

“Paily? Mdomo umelowa tambuu miaka arobaini, mwekundu kama sakafu ya stendi. Huo ndio utakaomfungulia profesa?”

“Ammachi, utachoka. Ni kutwa kwenye kiti, siku kadhaa.”

“Kitandani pia nitachoka. Mjukuu wangu, nitakuja. Nikifa katikati, mvishe Paily meno yangu mwendelee.”

Mimi nilitaka abaki nyumbani. Nilimwogopea yeye, na nilimwogopea Dilna pia, maana mgonjwa akianguka siku ya tatu, Paily hafai tena kitu, kwa kuwa hatua zote hufanywa kwenye mdomo mmoja. Joykutty alisema mama yake hajawahi kushindwa ubishi katika nyumba ile. Tukaenda.

Kulikuwa na maandalizi. Ammachi aliambiwa asimwite Dilna mjukuu mbele ya watahini, amwite daktari. Tena alifundishwa kuhesabu kwa Kiingereza kuanzia sitini hadi sabini, kwa sababu namba hizo zimejaa sauti ya s, na meno yasiyokaa vizuri hupiga mluzi hapo au hugongana. Ammachi hakujua Kiingereza. Alizikariri kama sala. Muda wake wa kukariri ulikuwa jioni baada ya rozari, rozari yenyewe ikiwa mkononi bado.

Mtihani ulikuwa mwezi wa Juni, mvua ikinyesha. Nilikaa kwenye benchi la koridoni na chupa ya uji wa wali, mlango ukiwa wazi, nikimwangalia. Kila siku Dilna alimpa dawa yake kabla ya kuanza, na kila alipopumzika Ammachi alinipungia mkono nisisogee. Siku ya kabla ya mwisho alitapika bafuni. Alisukutua mdomo na kunikataza nisimwambie daktari. Nilimwambia. Dilna alikuja akapiga magoti mbele yake akamuuliza kama waache. Ammachi alimjibu, “Daktari, wagonjwa wenzangu wanakusubiri,” ingawa hakukuwa na mgonjwa mwingine.

Siku ya mwisho meno yalivishwa. Profesa mgeni, mama mmoja kutoka Mysuru asiyejua lugha yetu ya Kimalayalam, alikagua kwa kioo, akamwonyesha kwa vidole ahesabu. Ammachi aliweka mikono mapajani na kuanza, sitini, sitini na moja, sauti imenyooka bila mluzi. Alipofika sitini na sita akasema kwa Kimalayalam, pole pole, na kichwa akainamisha, “Utuombee.”

Niliona masikio ya Dilna yamekuwa mekundu. Profesa aliuliza mgonjwa amesema nini, na mwalimu wa chuo akamtafsiria kwamba hivyo ndivyo watu hawa huwajibu watakatifu wao wakitajwa mmoja mmoja. Profesa alimgeukia Ammachi kwa uso mkavu.

“Muulizeni, huyo Sitini na Sita ni mtakatifu wa nini?”

Ammachi alitafsiriwa swali. “Ni wa wanaofanya mtihani,” akasema.

Profesa alicheka wa kwanza, wakafuata wengine. Ammachi naye akacheka. Mkono wake ulianza kupanda kama kawaida, ukafika kifuani ukasimama, kisha ukarudi mapajani. Alicheka mdomo wazi mbele ya watu asiowajua, na meno hayakusogea. Profesa aliacha kucheka akatazama kwa makini, akasema hakuhitaji kusikia hadi sabini.

Dilna amefaulu, na matokeo yalitoka mwezi wa Julai. Ammachi aliyatumia meno yake vizuri. Jumapili moja alikula nyama ya ng'ombe iliyokaangwa na vipande vya nazi, kidogo tu, akasema ameonja, inatosha. Mwili ulipozidi kupungua na ufizi ukapungua nao, Dilna aliyatia bitana laini ndani yasicheze. Aliendelea kumwita mjukuu wake Daktari hata akitaka maji.

Alipakwa mafuta matakatifu Jumatano jioni, na Alhamisi tarehe 8 Agosti 2024, saa moja asubuhi, alifariki nyumbani, kitandani kwake. Wanawake waliomwosha walifanya kama inavyofanywa. Walimvua pete na hereni, wakamvua na meno, wakayatia kwenye glasi ya maji. Dilna aliingia, akaiona glasi, akasema taratibu kwamba taya halingoji, litakaza upesi. Aliyaosha, akayakausha, akamvisha mwenyewe, akamfunga kidevu kwa kitambaa hadi taya likakaza. Hakuna aliyempinga.

Ammachi ameacha mtoto wa kiume, Joykutty. Mabinti wawili, Sista Celin na Gracykutty aliyefika jana usiku kutoka Ireland. Wakwe wawili, wajukuu watano na kitukuu mmoja. Paily pia yupo pale nyuma, amekuja kumuaga.

Sasa mtapita kumpa busu la mwisho. Kitambaa cha kidevu kimeondolewa. Mtamkuta mdomo umekaa mahali pake, na shuka liko begani, halikuvutwa usoni. Mungu amlaze pema, na Ammachi asihesabu tena. Mtihani umekwisha.