Miaka Thelathini na Mitatu na Asteroidi Moja: Tunamuaga Mama Desimali

Tarehe 30 Juni Mama Desimali anastaafu, baada ya kukitumikia kituo chetu cha elimu ya nyota kwa miaka thelathini na mitatu. Jina hilo alibandikwa na dereva wetu, siku Mama alipomrudishia fomu ya safari kwa kuwa aliandika kilomita 84 badala ya 84.3.

Alianza kama mpimaji wa picha za anga, katika chumba cha nyuma chenye dirisha moja na feni inayolalamika. Alikabidhiwa asteroidi moja tu, jiwe kubwa linalolizunguka Jua kati ya njia za Mirihi na Mshtarii. Mzunguko wake mmoja huchukua miaka mitano na nusu, kwa hiyo amelisindikiza mara sita kamili. Katika muda huo amelea watoto watatu, amefundisha wapimaji kumi na mmoja, na amevunja vikombe vya chai visivyo na idadi, kwani akiwa kwenye hesabu hatazami mkono unakokwenda.

Lakini tunalotaka likumbukwe ni la mwaka wake wa kumi na tisa. Asteroidi ilitarajiwa kupita mbele ya nyota na kuiziba kwa sekunde chache. Aliye ndani ya kivuli chake akipima muda huo, anaupata upana wa jiwe lenyewe. Aliye nje haambulii kitu. Kituo kilikuwa kimeisubiri nafasi hiyo kwa miaka mingi, na timu ilikuwa tayari kusafiri hadi kivuli kilipokadiriwa kupita.

Siku tatu kabla ya safari, akipitia hesabu upya, aligundua kuwa picha arobaini za zamani za asteroidi hiyo zilipimwa kutokea nyota isiyo yenyewe, kwa hiyo kivuli kingepita mbali na palipopangwa. Aliyezipima ni yeye, mwaka wake wa kwanza kazini. Hakuna mwingine aliyejua, wala ambaye angekuja kujua. Aliniambia baadaye kwamba alikaa kwenye ngazi akala ndizi nzima bila kusikia ladha yake, kisha akapanda kwa mkurugenzi.

Mkurugenzi alikuwa ameshaalika waandishi wa habari.

"Gari limeshajazwa mafuta," alimwambia.

"Basi liende kusini," Mama akajibu. "Kilomita mia mbili."

Alikubaliwa nusu nusu. Timu kubwa ilishika mpango wake wa awali. Yeye akapewa dereva, darubini ndogo na onyo. Alfajiri ya siku hiyo, kwenye uwanja wa shule ya sekondari, nyota ilizimika kwa sekunde 19.4, dereva akiwa ameshika saa. Timu kubwa ilikodoa macho mpaka kukapambazuka, nyota yao ikiwaka tu.

Waliporudi, mkurugenzi alimpokea getini, akambebea begi hadi ofisini.

Wiki iliyopita alimkabidhi mrithi wake meza, funguo na daftari jembamba. Humo ameandika kila kosa alilowahi kulifanya kazini, tarehe yake, na jinsi lilivyorekebishwa. Ni kurasa saba. Mrithi anasema ndicho kitu anachokifungua kwanza kila asubuhi.

Mama, ahsante kwa kazi, na ahsante zaidi kwa kurasa hizo saba. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na siku ndefu. Wajukuu wakikuuliza ni saa ngapi, wajibu bila sekunde.