Mfalme Asiye na Cheti cha Kuzaliwa

Macho hayana pazia, na karani wa vizazi na vifo alikuwa ameshasoma kurasa mbili za riwaya ya msusi aliyekaa naye kwenye treni, hadi msusi akaamua amsimulie tu yaishe.

"Ni kisa cha kale cha Wagiriki, dada, ila humu mfalme ni tajiri wa mabasi. Mwanawe anatupwa akiwa kichanga, analelewa mbali. Akishakua anagombana na mzee mmoja kituo cha mafuta, anamuua, halafu anamwoa mjane wake. Kumbe mzee ni babake, na mjane ndiye mama yake mzazi. Majaliwa hayo. Ajali haina kinga."

"Inayo. Inaitwa cheti cha kuzaliwa." Miaka kumi na tisa ya kugonga mihuri ilikuwa imemmalizia karani heshima yote kwa majaliwa. "Angepita kwangu kabla ya ndoa, ningefungua daftari, jina la mama hilo hapo, akaoe kwingine."

"Majaliwa hayajali daftari," msusi akasema, akizungusha pete yake mpya ya uchumba. "Mchumba wangu kalelewa na bibi yake, babake hata hamjui. Nimwache?"

"Baba yako anafanya kazi gani, mdogo wangu?"

"Dereva wa malori ya masafa marefu. Mwezi mzima hayupo."

Karani akageuka kutazama nje ya dirisha, kwa adabu.

Treni iliposimama, msusi alikuwa bado anabisha kwamba lililopangwa halipanguliwi. Akashuka, akapiga hatua tatu, akarudi kugonga kioo.

"Hiyo ofisi yenu inafunguliwa saa ngapi?"