Mama Perege na Madume Waliobeba Mayai

Ndugu zetu, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu, mimi ni mdogo wake wa mwisho, na familia imenituma niwasomee safari ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Perege.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita, akasoma shule ya msingi mwaka 1968 hadi 1974, kisha sekondari ya wasichana hadi 1978, na mwaka 1981 akapata cheti cha ufundi wa maabara, akiwa msichana pekee darasani.

Tarehe 3 Januari 1983 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa samaki, kwenye chumba chenye dirisha moja na friji mbili, na tarehe 18 Oktoba 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa boila katika kiwanda cha kufua na kutia rangi vitambaa, wakajaliwa binti na mvulana.

Machi 1998, alipowapasua perege waliovuliwa chini ya bomba la majitaka la kiwanda hicho, alikuta madume tisa wenye mayai ndani ya korodani, wazee wangu mniwie radhi, mkuu wake akamwambia amechanganya lebo, naye hakubishana, akaweka vizimba viwili mtoni, kimoja juu ya bomba na kingine chini yake, vyote vya madume pekee, na baada ya siku ishirini na moja akapeleka maini yao chuo kikuu yakapimwa, ikaonekana kwamba kwa wale wa chini, jeni ya kutengeneza kiini cha yai, ambayo kwa dume hulala tu maisha yake yote, ilikuwa imeamshwa, kwa kuwa kitu fulani majini kilijifanya homoni ya kike na mwili wa samaki ukakiamini.

Shemeji alipoambiwa aliendelea na zamu zake siku nane, maana kiwanda kile kililisha mtaa mzima, naye akiwemo, na siku ya tisa, Jumapili baada ya chakula cha mchana, alitoa mfukoni lebo ya pipa la sabuni ya kiwandani, akaiweka mezani, akasema, "Kama ndiyo hii, andika. Mimi nitatafuta pa kwenda."

Ndiyo ilikuwa hiyo. Dada aliandika ripoti, kiwanda kikafungwa miezi kumi na minne hadi kikabadili sabuni, na kilipofunguliwa hakikumrudisha shemeji, akawa anatengeneza pasi na majiko barazani, baadhi ya majirani wakaacha kumsalimia dada, na wengine wakaja kumuuliza kama maji yale ndiyo yaliyomnyima fulani mtoto, naye akawajibu wote, "Mimi nimepasua samaki, sijapasua watu," akakataa kuongeza hata neno moja juu ya alichokipima. Nami, nakiri mbele yenu, nilimwambia wakati ule kwamba samaki hawalipi ada ya shule, maneno ambayo alinisamehe kabla sijaomba.

Alistaafu Machi 2021, Novemba mwaka huohuo akagundulika na ugonjwa wa moyo, na Jumatano iliyopita fundi aliyerithi meza yake alimletea wodini matokeo ya vizimba vya mwaka huu, maini ya madume wa chini kimya kama ya wale wa juu, jeni ile imelala, dada akauliza wamepimwa wangapi, akaambiwa thelathini, akasema, "Rudieni," akacheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini. Alituacha Ijumaa, tarehe 9 Juni 2023, saa nne na dakika kumi asubuhi, akiwa na miaka 62, ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu.

Tunamshukuru daktari wake wa moyo, wauguzi wa wodi namba tano, wenzake wa kituoni, na majirani wote, hasa jirani wa nyumba ya mkabala, aliyepoteza kazi kiwandani mwaka ule, akakaa miaka sita bila kusema na dada, na ndiye aliyempeleka kliniki kwa gari lake kila Jumanne, mwaka mzima na nusu, bila kuombwa na mtu.

Dada, kazi umeifanya, pumzika kwa amani.